Nimeambiwa niitoe karatasi ya asilimia 4

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina miaka 31 na huu ni mwaka wangu wa saba katika ukaguzi wa hesabu. Naongoza timu ya watu wanne kwenye kampuni inayotengeneza vifungashio. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana sina pa kusemea. Nyumbani hawaelewi kazi yangu, na ofisini wanaielewa kupita kiasi.

Kampuni hii inaumwa. Imepata hasara miaka mitatu mfululizo, na mteja aliyekuwa akinunua karibu theluthi ya bidhaa zake ameondoka. Madeni ya kulipwa ndani ya mwaka ni karibu mara mbili ya mali zinazoweza kugeuka fedha ndani ya mwaka huohuo. Mwezi Novemba walivunja sharti la mkopo wa benki. Hesabu zao zinafungwa 31 Desemba, na barua ya benki ya kuwasamehe ilikuja Februari. Wauzaji wawili wa malighafi sasa wanataka walipwe kabla ya kushusha mzigo.

Menejimenti ilituletea makadirio ya mtiririko wa fedha ya miezi kumi na miwili. Yote yamesimama juu ya mauzo kupanda kwa asilimia 12, ilhali miaka miwili iliyopita mauzo yameshuka. Nikakaa nikayajaribu. Kwa asilimia 12 fedha zinafika Desemba zikiwa zinachechemea. Kwa asilimia 4 zinakatika Agosti.

Kuna pia barua ya mwanahisa mkuu inayosema ataongeza mtaji pakihitajika. Tuliyonayo ni rasimu tu, haina sahihi.

Nilimpelekea bosi wangu, mbia anayetia saini ripoti, karatasi zote mbili za makadirio, ya 12 na ya 4. Alizitazama muda mfupi akasema: "Bodi ndiyo inayoijua biashara yake. Tumia 12. Hiyo ya 4 itoe kwenye faili, itachanganya watu." Nikaitoa. Sikuifuta, iko kwenye kompyuta yangu, na kila nikifungua folda hiyo moyo unanidunda.

Sasa kuna mhasibu mkuu wa kampuni. Nilipokuwa mwanafunzi wa mafunzo kazini, ndiye aliyenifundisha kusoma leja, mahali pengine kabisa. Namwita Mzee. Ijumaa alinifuata kwenye maegesho, tukiwa wawili tu. Akaniambia: "Mwanangu, mkiandika yale maneno ya shaka, kwamba huenda kampuni isiweze kuendelea, benki itadai mkopo wote siku hiyohiyo. Hapa kuna watu 180. Mimi mwenyewe nimebakiza miaka miwili nistaafu." Nilimjibu, "Tutaangalia, Mzee." Naogopa ameshaichukua kauli hiyo kuwa ahadi.

Nikisisitiza aya ya shaka iingie kwenye ripoti, nitakuwa nimeiua kampuni kwa kalamu. Nikinyamaza, kisha ikaanguka Septemba, nitawatazamaje watu walioiamini hati yetu? Nimewaza kuomba nihamishiwe kazi nyingine, kimyakimya, bila kutaja sababu. Na nisikufiche, majina ya watakaopandishwa kuwa mameneja yanatoka Julai.

Ripoti inatakiwa ndani ya siku kumi na nne. Sitaki kuua watu 180, na sitaki kusema uongo. Nifanyeje?

Mwenye karatasi mbili


MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba. Ningekuita mwanangu, lakini naona neno hilo limeshakulemea wiki hii, basi nitakuita ndugu.

Umeniuliza swali moja, ila barua yako inabeba mambo matatu yaliyofungwa kwa kamba moja: afya ya kampuni, karatasi uliyoitoa kwenye faili, na mzee unayempenda. Ukiyabeba pamoja hayabebeki. Ngoja niyalegeze kidogo.

Naanza na neno "kuua", kwa kuwa umelitumia mara mbili. Hebu tujiulize ni nani asiyejua kwamba kampuni hii inaumwa. Benki inajua, ndiyo maana iliandika barua Februari. Wauzaji wa malighafi wanajua, ndiyo maana wanataka kulipwa kabla ya kushusha. Mteja aliyeondoka huenda alijua kabla yenu nyote. Wasiojua ni wale wasio na kiti mezani: wanahisa wadogo, muuzaji mdogo ambaye bado anakopesha, na huenda wafanyakazi walewale 180 unaowahofia. Wenye nguvu wamekwisha kujikinga. Unapojiuliza aya ile itamdhuru nani, jiulize vilevile nani anadhurika isipokuwepo. Simaanishi kwamba jibu ni rahisi. Naona tu kwamba barua yako imehesabu upande mmoja.

Hata hivyo, hofu ya Mzee si ya kupuuzwa. Mikataba mingine ya mikopo ina kifungu kinachosema kwamba ripoti ya mkaguzi ikitaja shaka juu ya uwezo wa kampuni kuendelea, basi huo wenyewe ni uvunjaji wa sharti. Mingine haina. Umeusoma mkataba huu, au umechukua neno la Mzee pale kwenye maegesho? Ukiwa na kifungu hicho, kampuni inaweza kuzungumza na benki mapema, kabla ripoti haijatoka. Usipokuwa nacho, tishio la "siku hiyohiyo" ni woga tu, ingawa woga wa mtu anayeipenda kazi yake.

Sasa kuhusu kalamu yenyewe. Umejieleza kana kwamba wewe ndiwe utakayetangaza habari hii. Kanuni haziko hivyo. IAS 1, kanuni ya kimataifa ya kuandaa hesabu, inawadai wanaoandaa hesabu, yaani menejimenti na bodi, kupima kama kampuni itaendelea, wakitazama angalau miezi kumi na miwili tangu siku ya kufunga mwaka. Wakikuta shaka kubwa, ni wao wanaotakiwa kuieleza katika maelezo ya hesabu. ISA 570, kanuni ya kimataifa ya ukaguzi, inakutaka wewe upate ushahidi wa kutosha, upime kazi yao, kisha ufikie hitimisho lako. Wakiwa wameieleza hali vya kutosha, maoni yenu yanabaki hati safi. Mnaongeza sehemu inayojitegemea, yenye kichwa chake, inayomwelekeza msomaji kwenye maelezo ya bodi. Hati huharibika pale bodi inapokataa kueleza, au inapoeleza nusunusu: hapo ndipo inakuja hati yenye shaka (hesabu ni sawa isipokuwa jambo hilo) au hati isiyoridhisha (hesabu kwa jumla hazionyeshi ukweli). Na kama kampuni haina tena njia nyingine ila kufungwa, huku hesabu zimeandaliwa kana kwamba itaendelea, hati ni isiyoridhisha hata maelezo yakipambwa vipi.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta bodi imeandika nini katika maelezo yake. Hakuna hata mstari mmoja. Umeandika juu ya bosi, Mzee, benki na Julai. Labda rasimu ya maelezo hayo ipo na umeisahau kwa wasiwasi. Labda hamjaiomba. Kama hamjaiomba, basi mmeruka hatua, na mzigo mnaogombania wewe na bosi wako una mwenyewe ambaye bado hajaitwa.

Kuna jambo la kiufundi nisingependa lipite. Sharti la mkopo lilivunjwa Novemba, msamaha ukaja Februari. Kama uvunjaji ule uliipa benki haki ya kudai fedha zake wakati wowote, basi mkopo huo, hadi 31 Desemba, ni deni la muda mfupi. Barua ya Februari hairudi nyuma kuubadilisha. Je, ile "mara mbili" yako imeujumuisha mkopo wote, au kipande cha mwaka huu tu? Jibu linaweza kuifanya picha iwe mbaya zaidi kuliko ulivyoniandikia. Kwa upande wa pili, barua hiyohiyo ni ushahidi mzuri kuhusu miezi ijayo, kutegemea inasema nini. Msamaha wa miezi mitatu na msamaha wa miezi kumi na minane ni vitu viwili tofauti, na hukuniambia ni upi.

Nikugeukie wewe kidogo, kwa upole. Asilimia 4 umeitoa wapi? Unaiandika kana kwamba 12 ni ndoto na 4 ni ukweli, lakini mauzo yaliyoshuka miaka miwili hayapandi hata kwa 4 bila sababu. Namba yako nayo ina matumaini ndani yake. Bosi wako anaposema bodi inaijua biashara yake, hakosei moja kwa moja. Anakosea akidhani kuijua biashara kunatosha kuwa ushahidi. Oda zilizosainiwa, mkataba na mteja mpya, mauzo halisi ya Januari hadi sasa (na miezi kadhaa imeshapita, namba hizo zipo!), hivyo ndivyo vinavyoweza kuibeba 12 au kuiangusha. Ukimwendea na swali, "Kitu gani kinashikilia 12?", mazungumzo yatakuwa tofauti na ukimwendea na "Namba yangu ni bora kuliko yako." Inawezekana kabisa analo jibu ambalo hakukupa. Inawezekana hana.

Hapa ndipo ninapofika kwenye karatasi, ambayo nadhani ndiyo inayokunyima usingizi kuliko kampuni. ISA 230, kanuni ya kuweka kumbukumbu za ukaguzi, inasema kwamba mkaguzi akikuta taarifa inayopingana na hitimisho lake katika jambo zito, lazima faili lionyeshe mgongano huo ulishughulikiwaje. Kanuni hiyo haimlazimishi mtu kukubaliana na karatasi yako. Inamtaka aijibu. Kwa hiyo mnaweza kufika kwenye 12 kwa haki, karatasi ya 4 ikiwa palepale na sababu za kuiacha zimeandikwa pembeni. Kilichokosewa ni kuifanya isiwahi kuwepo.

Lakini tazama tarehe. Ripoti haijatiwa saini. Faili bado liko wazi, kwa kuwa ukusanyaji wake wa mwisho kwa kawaida huruhusiwa hadi siku 60 baada ya tarehe ya ripoti. Ulichokitoa kinaweza kurudi leo bila mtu yeyote kudanganywa. Baada ya siku kumi na nne, hesabu ya jambo hili itakuwa nyingine. Ukiirudisha kwa siri usiku, hata hivyo, utakuwa umejibu usiri kwa usiri. Ukiirudisha ukamwambia bosi kwamba umeirudisha na ungependa aandike sababu zake chini yake, utakuwa umempa nafasi ya kuwa bosi mzuri. Wengine huichukua nafasi hiyo kwa aibu kidogo na shukrani ambayo hawaisemi. Wengine hukasirika. Wewe unamjua, mimi simjui. Na kama kompyuta unayoitaja ni yako ya nyumbani, hilo nalo lirekebishe, kwa kuwa siri za mteja hazilali nyumbani kwa mkaguzi.

Akikataa? Ofisi za ukaguzi zinatakiwa kuwa na utaratibu wa kushughulikia tofauti za maoni ndani ya timu, na ripoti haipaswi kupewa tarehe kabla tofauti hizo hazijamalizwa. Huenda pia kuna mtu aliyepangiwa kupitia ubora wa kazi hii. Njia hizo zimewekwa kwa ajili ya usiku kama huu wako. Sitakuambia hazina gharama. Anayezitumia hukumbukwa, na si kila anayemkumbuka humkumbuka kwa wema. Huenda Julai ikapita bila jina lako. Huenda vilevile ukapandishwa cheo kisha ukatumwa mwakani kwenye kampuni nyingine, kwa bosi huyohuyo, mkononi una karatasi nyingine mbili.

Njia uliyoitaja ya kuhama kimyakimya naijua, kwa sababu niliwahi kuipita. Nilikuwa na umri kama wako, mteja alikuwa hoi, nami nikaomba kubadilishiwa kazi nikisingizia masomo ya jioni. Aliyewekwa mahali pangu alikuwa kijana wa mwaka wa pili. Alikuta faili safi, halina hata alama ya swali nililokuwa nalo kichwani. Yaliyomkuta baadaye sitayaandika hapa, ni ya kwake. Kuhama si dhambi, na wakati mwingine ndiyo njia pekee ya kulinda afya ya mtu. Ila ukihama, swali lako utaliacha kwa maandishi au utaondoka nalo?

Watu wa kazi yetu hupenda kutaja mifano ya walioanguka. Nami nitataja mmoja, kisha wa pili wa aina ambayo haitajwi mara nyingi. Duka la Uingereza lililoitwa BHS liliuzwa kwa pauni 1 mwezi Machi 2015, siku chache baada ya wakaguzi wake kusaini kwamba litaendelea na biashara. Aprili 2016 likawa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, na ajira kama 11,000 zikapotea. Mwaka 2018 kampuni ya ukaguzi ilitozwa faini ya pauni milioni 10, iliyopunguzwa hadi milioni 6.5. Mbia aliyesaini alikuwa ameandika saa mbili tu kwenye kazi hiyo. Kazi nyingine ilibaki kwa vijana, ndugu yangu, vijana kama wewe. Upande wa pili kuna AMC, kampuni ya majumba ya sinema ya Marekani. Juni 2020, majumba yake yakiwa yamefungwa, ilitangaza yenyewe kwamba kuna shaka kubwa kama itaweza kuendelea. Maneno yenyewe yaliyo mazito hivyo, na bado haikufa. Ilipata mikopo, ikauza hisa, majumba yakafunguliwa tena. Wapo walioandika maneno kama hayo na wakafilisika kweli, kwa hiyo usiichukue AMC kama kinga. Ichukue kama sababu ya kutolitamka neno "kuua" kwa uhakika ulio nao.

Amebaki Mzee, na methali ya mficha maradhi nitaiacha kwa leo, nadhani umeshajisomea mwenyewe mara nyingi. Kukupenda kwake si uongo hata kama maneno yake yana maslahi. Anaweza kuwa anakuomba kwa moyo wake wote, na papo hapo awe anakuweka mahali pabaya. Kanuni za maadili ya wahasibu zinautambua ukaribu wa namna hii kuwa tishio kwa uhuru wa mkaguzi. Kuutambua si kukutuhumu. Maana yake ni kwamba usiubebe peke yako. Je, ofisi yako inajua kwamba huyu ndiye aliyekufundisha? Kama haijui, kulisema kunaweza kukuvua mzigo kuliko unavyodhani, ingawa kunaweza pia kukutoa kwenye kazi hii, safari hii kwa mlango wa mbele. Na ile "tutaangalia" yako unaweza kumrudia nayo, kwa heshima, mkiwa na mtu wa tatu: kwamba maegesho si mahali pa kuzungumzia ripoti, na kwamba ana njia ya kuwasaidia wale 180 ambayo wewe huna, kwa kuwa yeye hukaa na watu watakaoandika maelezo ya bodi. Mhasibu mwenye umri wake anaweza kuandika maelezo ya kweli, yanayoonyesha shida pamoja na mpango wa kuitatua, kwa lugha ambayo benki itaisoma bila kushtuka. Huenda hakuna aliyemwomba.

Kisha kuna ile barua ya mwanahisa mkuu isiyo na sahihi. Umeitaja kwa mistari miwili ukapita. Mtu anayetaka kweli kuiokoa kampuni yake husaini haraka. Anayesitasita ana sababu, na sababu hiyo inaweza kuwa wakili aliyesafiri, au inaweza kuwa mfuko mtupu. Kama fedha zake zipo na atasaini, karatasi zako mbili zinaweza kukaribiana sana. Kama hazipo, hata 12 haina pa kuegemea. Mzee aliongea nawe juu ya benki, wafanyakazi na kustaafu kwake. Juu ya barua hiyo, alisema nini?